Wakwe wa Nagongera Wanadai Matusi

Busia, upande wa Uganda,
Ijumaa jioni.

Kwa mwanangu Okoth,

YAH: SAFARI YAKO YA KESHO, NA MLANGO WA DADA YAKO AMBAO HADI SASA HAUJAFUNGULIWA

Nakuandikia ilhali uko chumba cha pili na sauti yako naisikia, wewe na huyo rafiki yako Kevo wa Nairobi, mkibishana ni begi lipi litabeba nyaya za kuchajia. Ningependa kusema nawe ana kwa ana. Wiki nzima nimejaribu. Kila nikifungua kinywa, midomo yako inaanza kutetemeka, kisha unatazama dari, kisha mnacheka wote wawili, nami nabaki na sentensi yangu kama mtu aliyebeba sufuria ya moto asiyeonyeshwa pa kuitua. Karatasi haicheki. Kwa hiyo utasoma.

Sitakuandikia habari za soksi, chandarua wala maji ya kuchemsha. Umefikia umri wa kuumwa tumbo kwa uamuzi wako mwenyewe. Wala sitajifanya siielewi safari yenyewe. Mnataka kuzunguka mwaka mzima mkihudhuria sherehe za watu: muanze na msimu wa tohara kwa Wamasaba huko Mbale, mvuke kwa Wabukusu upande wa Kenya, mteremke hadi pwani kwenye Maulidi, mrudi kufuatana na mahujaji waendao Namugongo kwa miguu, na kila mahali mpige picha na kuzitia mtandaoni ili wageni wavutiwe nao waje. Umesomea utalii, kazi hiyo umeichagua, nami nimeikubali mbele ya mashahidi. Ninachoshindwa kukikubali ni kwamba unakwenda kutazama milango ya wengine ikifunguliwa, wakati mlango wa Athieno, dada yako wa tumbo moja, umebaki umefungwa kwa sababu yetu, mimi na wewe, na kesho unakusudia kupita Tororo moja kwa moja kana kwamba Nagongera imefutwa kwenye ramani.

Nitaeleza yaliyotokea Jumamosi iliyopita kwa utaratibu, ingawa ulikuwepo, kwa maana ulikuwepo kupitia kioo cha simu, na kioo kile kinaonyesha kila kitu isipokuwa yule anayekusubiri.

Athieno alijifungua mapacha, Apio na Odongo. Unajua desturi ya kwetu Padhola, au angalau nilidhani unaijua. Tangu siku ile, mama na watoto wanakaa ndani. Hawatoki mpaka ukoo wa mume na ukoo wa mke wakutane uani na kutukanana. Wakwe ambao siku nyingine zote hawathubutu kutazamana machoni, ambao hupishana njiani kwa kuingia vichakani ili wasivunjiane heshima, siku hiyo hutukanana kwa nyimbo, kwa ngoma na kwa viuno mpaka pande zote mbili ziishiwe pumzi. Ndipo mlango unafunguliwa. Wazee wanasema mapacha ni wazito. Ukiwasifu unawaongezea uzito, ukiwatukana wao na wote waliowazaa wanashuka, wanakuwa watoto kama watoto wengine, wanaweza kutolewa nje wakapigwa na jua.

Mimi nimezaliwa Molo, huko huko Padhola. Hakuna aliyenificha jambo hili. Nimelisikia tangu nikiwa nimebebwa mgongoni. Lakini nilipoambiwa kwamba mama wa binti ndiye anayeongoza matusi ya upande wake, nilijiambia kwamba watu wakiletewa kitu bora kuliko walichokitarajia, hawatakikataa.

Unajua nilivyoipata kazi hii yangu. Sikukaa darasani zaidi ya watoto wengine wa kike wa wakati ule. Nilijifunza kwa kunakili matangazo yaliyobandikwa kwenye kuta za ofisi hapa mpakani, neno kwa neno, mpaka askari akanifukuza akidhani napeleleza. Leo wanawake wa soko wa upande huu na ule wananijia kibarazani. Huyu vitenge vyake vimezuiliwa, yule shemeji amelima mpaka wake huko Masaba. Naandika, na ofisi inajibu. Inajibu kwa sababu naanza kwa heshima, naeleza jambo, nafunga kwa heshima. Maisha yetu yote, karo yako ikiwemo, yamesimama juu ya utaratibu huo. Kwa hiyo usinishangae kwamba niliupeleka Nagongera.

Tulipofika langoni, mama mkwe wa dada yako, Min Owor, yaani mama yake shemeji yako Owor, alitoka mbele ya wanawake wake akiwa amejifunga majani ya kutambaa kiunoni, ameushika mwiko wa ugali kama bunduki. Na kwa ajili ya Kevo, mgeni wako wa Nairobi, ambaye haelewi lugha yetu, akatutukana kwa Kiswahili. Hebu fikiri ukarimu huo.

"Karibuni, watu ya Busia! Mumechelewa sababu mulikuwa munakula njiani!"

Wanawake wake wakashangilia.

"Wewe Mama ya Athieno, mbona unatembea umebana magoti? Umeficha kuku yetu?"

Ngoma ikapigwa. Akakizungusha kiuno, mwanamke wa rika langu, mjane kama mimi, akanielekezea mwiko.

"Hii watoto wametoka wawili sababu mumoja aliogopa kuja peke yake kuona sura ya nyanya yake!"

Hapo nilipaswa kujibu. Nikavaa miwani. Nikakunjua karatasi.

"Waheshimiwa wakwe zetu," nikasoma, "kwa heshima na taadhima, sisi wa upande wa binti tunaomba kuwasilisha mbele yenu shukrani zetu za dhati..."

Ngoma ikanyamaza. Mpigaji akamuuliza jirani yake, kwa sauti ambayo video yako imeinasa vizuri sana, "Kwani nani amekufa?"

Nikaendelea. Ndiyo, niliendelea. Nilikuwa na aya nne. Nilipofika kwenye "malaika hawa wawili wenye afya tele na uzuri usio kifani," wanawake wa pande zote mbili wakaziba vinywa vyao, na Min Owor akaushusha mwiko.

"Mama, wacha," akaniambia polepole. "Unataka kutuulia watoto?" Kisha, alipoona nimekwama, akanisogelea kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. "Tukana kidogo tu. Tukana hata pua yangu. Itazame! Mungu aliiweka hapa kwa kazi hii."

Nami nikajibu, "Pua yako ni ya kawaida, mkwe wangu."

Wazee waliguna kama watu waliopigwa teke.

Sasa, kwa ukoo ule, mama akikosa sauti, mjomba wa watoto ndiye anayeruka mbele kuuokoa upande wake. Mjomba ni wewe. Wakaanza kuita, "Mjomba iko wapi?" Mjomba alikuwa juu ya kichuguu, upande wa wenyeji, mgongo ameuelekeza juani. Na kabla ya hapo, nilipokuwa bado nashuka kwenye gari, mjomba alikuwa ameshawaomba wanawake wa Min Owor warudi nyuma waingie upya wakicheza, kwa kuwa mara ya kwanza mwanga haukuwa mzuri. Wakarudi! Watu waliojiandaa kutukana wakalazimika kuwa na adabu kwa ajili ya simu yako.

Walipokuita, ulisema nini? "Ngojeni kidogo, niko laivu."

"Mjomba iko laivu," mpiga ngoma akawatangazia watu. "Sisi wengine ni maiti. Tungoje kufufuliwa."

Walingoja. Okoth, walingoja kweli. Jua lilisogea, pombe ikapoa, na mlango haukufunguliwa. Kisha wakatupatia chakula kwa adabu kamili. Wanawake wakatupigia magoti kutunawisha. Min Owor aliyavua majani yake, akaja kuniaga akiwa ameinamisha macho, kwa ile sauti ndogo ya wakwe, na ndipo nilipoelewa kwamba sherehe imekufa. Nilikuwa nimeitafuta heshima maisha yangu yote, na siku ile nilipewa sahani nzima, nikashindwa kuimeza.

Nilipopita dirishani, Athieno alinishika vidole kupitia nondo. "Mama," aliniambia, "ni kitu kidogo tu. Mimi mbona unanitukana kila Krismasi bila kuombwa?"

Hilo halimo kwenye video yako. Kilichomo ni mimi, miwani, na pua ya kawaida. Jumatatu nilipokwenda mpakani, kijana wa bodaboda aliinama mbele ya pikipiki yake akasema, "Kwa heshima na taadhima, mama, nikupeleke wapi?" Mwanamke wa upande wa Kenya, ambaye niliwahi kumwandikia barua tatu bila yeye kulipia hata stempu, alinionyesha simu yake kwa furaha ili niione sura yangu. Na Kevo wako, nilipomletea chai, akaniambia, "Mathe, hiyo speech ilikuwa moto. Imevuka mpaka bila ushuru." Nilimwongezea sukari kwa sababu ni mgeni.

Sikukasirika kwa kuchekwa. Naam, nilikasirika kwa kuchekwa, niandike ukweli. Lakini kilichonichosha hasa ni jibu lako nilipokuuliza kuhusu dada yako. Ulisema, "Mama, hata ikiharibika bado ni kontenti." Nilikwenda jikoni nikasimama na lile neno. Apio na Odongo wanakua kwenye giza la chumba kimoja, dada yako anaomba nguo zianikwe na watu wengine, Owor analala kwa mama yake akingoja, na yote hayo yana jina, na jina lake ni kontenti.

Nikuambie kuhusu baba yako, kwa kuwa unakwenda Mbale na kisa hiki alikuwa akikusimulia kwa namna ya kujipendelea.

Tulikuwa tumeoana karibuni. Alikuwa na rafiki chini ya mlima, tukaenda kumtembelea, tukaikuta barabara imejaa tohara: kengele mapajani, filimbi, vijana watarajiwa wamepakwa unga usoni, macho mbele, hawasemi. Baba yako alikuwa Mpadhola, na unajua sisi hatutahiri. Mtu mmoja mchangamfu alimpiga begani akamuuliza, "Na wewe, ndugu yangu, umeshapita kwenye kisu?" Ulikuwa utani. Kila msimu wanawatania wapita njia hivyo. Baba yako hakungoja kujua. Alitimua mbio na koti lake la Jumapili, akaingia kwenye nyumba ya mashine ya kusaga unga, akajificha nyuma ya mashine, nayo inasaga.

Alikaa huko mpaka akageuka mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Kisha unga ukamkaba, akatokea mlango wa nyuma akiwa hawezi kusema, machozi yanamtoka, macho yamekazwa mbele. Na mlango ule wa nyuma ulikuwa unatazamana na kundi jingine la wachezaji. Wakamwona mtu mzima amepakwa unga mwili mzima, amesimama wima, hatikisi ukope. Wakapiga vigelegele. "Huyu hapa! Huyu hana woga hata kidogo!" Wakaanza kumfunga kengele.

Mimi nikafika mbio nikainua mkono. "Ndugu zangu," nikasema, "kwa ruhusa yenu, mtu huyu ni mume wangu, naye alikuja kutazama tu."

Bibi mmoja kizee akaniangalia kwa huruma. "Kutazama?" akasema. "Hapa hakuna kiti cha kutazama, binti yangu. Acheze, au aende nyumbani."

Basi baba yako akacheza. Alicheza vibaya, kama mtu anayeua siafu, unga unamtoka kama mawingu, na bibi yule akacheka mpaka akakaa chini barabarani. Wakatusindikiza hadi njia kuu wakimwimba. Miaka yote iliyofuata alikisimulia kisa kile kama habari za ushujaa wake, nami nikakihifadhi kama habari za ufasaha wangu. Niliamini kwamba maneno yangu mazuri ndiyo yaliyomwokoa. Imenichukua hadi Jumamosi iliyopita, nikiwa nimesimama na aya zangu nne mbele ya ngoma iliyonyamaza, kutambua kwamba hakuna aliyenisikiliza siku ile. Kilichomwokoa ni kucheza.

Usidhani nilijifunza upesi mahali pengine. Mwaka ule nilipofuatana na mahujaji kwa miguu, wewe ukiwa umeachwa kwa shangazi yako kule Molo, nilibeba barua ya utambulisho kutoka parokia, iliyopigwa mhuri. Jioni ya kwanza tukafika kwenye darasa la shule kando ya njia, watu wamejaa wanapangana sakafuni. Nikasimama mlangoni nikauliza ni nani mwenyeji rasmi anayeshughulikia malazi. Mwanamke aliyekuwa anachemsha viazi akanitazama, akaitazama barua. "Dada, hapa ni mkeka tu," akasema. "Sogeza mguu wa huyo, ulale." Sikulala. Nilikaa kwenye kizingiti nimeishika barua yangu, nikisubiri kupokewa, mpaka viazi vikaisha. Kesho yake wote walikuwa wakiitana kwa majina na kubebeana mizigo, na mimi waliniita "yule mama wa barua." Nilifika Namugongo, nikasali, nikarudi, na sijui hata jina la mwanamke yule wa viazi.

Naona unaposoma hapa utasema, "Kumbe Mama amekubali, ni yeye mwenye makosa." Soma polepole. Mimi nilisimama juu mno. Wewe ulisimama mbali mno. Yupi kati yetu aliye afadhali, sitaki kulijadili leo, maana najua utasema ni wewe.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Jumatano Min Owor alipiga simu. Hakupitia kwa mshenga wala kwa Owor, alinipigia mwenyewe, jambo ambalo wakwe hawalifanyi, na hakunisalimu. "Kesho kutwa kesho yake, Jumamosi, tunajaribu tena," akasema. "Karatasi ibaki Busia. Na ile mjomba yako akuje na mudomo, simu ibaki na karatasi." Nilipokueleza, ulijibu kwamba sherehe ya mapacha mnayo tayari, na kwamba tohara haitawangoja. Hukusema vibaya. Ulisema kwa upole, kama karani anayemrudishia mtu faili lake. Nilitambua upole huo ulikotoka: ni wa barua zangu.

Nilimwendea katekista nikitumaini atanikataza kutukana, niwe na sababu. Alicheka. "Mama, mimi mwenyewe ni pacha," akasema. "Nyanya yangu asingetukana vizuri, leo nani angewafundishia watoto wenu?"

Basi nikaanza mazoezi kwa jirani yetu Nafula, hapo kwenye karai lake la mandazi. Akajipanga mbele yangu, mikono kiunoni. "Nitukane mimi."

"Nafula," nikasema, "biashara yako haina mpangilio."

"Hiyo ni ushauri! Tukana!"

"Nafula, mandazi yako yana mafuta kupita kiasi."

"Hiyo ni daktari anasema! Mama, we, tukana!"

"Nafula, mandazi yako yana mafuta mengi hivi kwamba wateja wako wanateleza wakiwa wamekaa."

Alipiga kelele, akanikumbatia na unga wake wote. Mteja aliyekuwa akila akaliacha andazi lake juu ya benchi.

Lakini niliporudi nyumbani kumtafutia Min Owor lake, sikupata kitu. Nilikaa na kalamu kama ninavyokaa kila siku, na kalamu haikuenda. Tangu Athieno aolewe tumekutana na mama huyu kwenye mahari, kwenye matanga, kwenye harusi za watoto wa watu, tumepeana mikono na maneno mazuri, na mimi sijui anacheka nini, anaogopa nini, anatembeaje akidhani haonwi. Yeye aliyaona magoti yangu. Ni kweli nayabana, Okoth. Nayabana tangu nikiwa msichana, na wewe mwanangu hujawahi kuliona. Mwanamke yule alinitazama sawasawa mpaka akapata tusi langu, na mimi nilipotazama pua yake nikaona pua ya kawaida.

Ndipo nikampigia Athieno. Nikamuuliza, "Mama mkwe wako yukoje?" Hakuwahi kuulizwa nami swali hilo. Kisha akaanza kunong'ona kutoka ndani ya chumba chake kilichofungwa, watoto wananyonya, na hakunyamaza mpaka salio likakata. Min Owor anaogopa vyura kuliko wezi. Huficha sukari ndani ya ngoma ya zamani, kisha anawalaumu panya. Anakoroma kanisani, na akiamshwa husema "Amina." Usiku ule Athieno alipojifungua, mama huyo alikaa mlangoni kwenye mvua mpaka alfajiri akigombana na Mungu kwa sauti, akimwambia kwamba kama anataka mtu amchukue yeye, amwache msichana wa watu. Hilo la mwisho silitumii. Hayo mengine nimeyapanga vizuri na nimeyakariri. Ukiyasikia utashangaa mama yako alikuwa ameyahifadhi wapi.

Hiki ndicho ninachotaka uondoke nacho, zaidi ya nyaya zile. Utakwenda kwenye sherehe nyingi, na kila mahali watakupisha mbele kwa sababu una simu nzuri na umetoka mbali. Watakupa kiti, watarudia kuingia ukiwaomba, watakupa ile heshima waliyotupa sisi baada ya mlango kubaki umefungwa. Ukiona unaheshimiwa mno, shtuka. Uliza nani anaficha sukari wapi. Kaa mpaka wakutanie. Usiniletee picha ya mtu ambaye usingeweza kumtania na yeye akakujibu.

Nami sasa sikuombi kitu. Nimewaandikia watu maombi tangu kabla hujazaliwa na nalijua umbo la ombi, hili silo. Mbale itakuwepo keshokutwa, kengele zitalia, na vijana watapakwa unga bila kukungoja wala kukukosa. Nagongera hakuna anayeweza kusimama mahali pako. Dada yako ana kaka mmoja, na wale watoto wana mjomba mmoja. Nilimwuliza Min Owor kama kijana mwingine wa ukoo anaweza kukushikia nafasi. Akasema, "Tutafunga mulango tena."

Kukipambazuka nitakuwa pale yanapopakilia magari ya Tororo, nimevaa gomesi la zamani ambalo halitajali majani na pombe. Kevo anaweza kuja akitaka, ila mwambie kule atatukanwa kwa Kiswahili cha Uganda na hakuna atakayemtafsiria. Kama hamtakuja, nimewaachia chai kwenye chupa, na nitakwenda peke yangu, nitatukana kwa sauti ya watu wawili, na tutaona kama mlango utadanganyika.

Ukinikuta hapo kituoni, usiniamkie shikamoo. Nitukane, mbele ya abiria wote, kwa sauti, nisikie kama kuna kitu ulichokiona kwangu katika miaka yote hii. Nami nitakujibu.

Ni mimi mama yako,
niliyekusifu mno.